Niandike kwenye CV kwamba mimi ni kiziwi, au ninyamaze hadi siku ya usaili?

binti_wa_mbezi

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, hasa wale mliowahi kukaa upande wa kuajiri na wale wenye ulemavu ambao tayari mko makazini.

Mimi ni binti wa miaka 27, nipo Dar. Nilizaliwa nasikia vizuri tu. Mwaka 2014 nikiwa kidato cha pili nikaugua homa ya uti wa mgongo, nikalazwa wiki tatu, siku niliyopata fahamu nikamwona mama ameinama juu yangu anaongea, midomo inacheza lakini hamna kitu. Nikajua ananong'ona ili asiwasumbue wagonjwa wengine. Ikawa ndo hivyo mpaka leo, masikio yote mawili, shime sikio (kifaa cha kusaidia kusikia) nilijaribishwa haikusaidia. Kwahiyo naongea kama mtu yeyote, ila sisikii, na wakati mwingine napaza sauti bila kujua. Nasoma midomo kama mtu ananitazama usoni, na lugha ya alama nimejifunza ukubwani kwa wenzangu wa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania.

Shule nilirudi palepale nilipokuwa. Mwalimu wa hesabu alikuwa anaeleza huku ameugeukia ubao, mimi naona kisogo chake na chaki basi. Aliyenivusha ni jirani yangu wa dawati, alikuwa anaweka karatasi ya kaboni chini ya ukurasa wake ili akiandika notisi zitoke mara mbili, kila siku, miaka miwili. Baba yake alikuwa anamuuliza daftari mbona zinaisha haraka. Form four nikapata divisheni three, nikaenda cheti halafu diploma ya uhasibu, nimemaliza 2020. Chuo kizima hakikuwa na mkalimani hata mmoja.

Sa hivi natunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wangu. Stoo, mauzo, mashine ya EFD ya risiti za kodi, ritani (taarifa ya kodi) ya VAT kila mwezi kabla ya tarehe 20, zote nafanya mimi. Lakini nataka kazi ya kwangu, yenye mkataba na mafao, siwezi kuwa mpwa wa bosi maisha yangu yote.

Tatizo linaanzia kwenye simu. Ukiomba kazi wanakupigia, mimi naona tu simu inawaka mezani. Nimejaribu kuandika kwenye CV "tafadhali tuma meseji", hamna aliyetuma. Nikaweka namba ya mdogo wangu wa kiume, akipokea wanasema tunataka kuongea na mhusika mwenyewe, yeye anawaambia yupo bafuni, yupo kwenye daladala, mara ya tatu wanaona kuna kitu hakiko sawa wanaacha.

Mwaka huu mwanzoni niliandika juu kabisa ya CV kwamba mimi ni kiziwi. Nikapeleka sehemu 14, kimya. Nikaufuta ule mstari, CV ileile, sehemu 10, simu nne. Moja nikafika mpaka usaili. Nilienda na rafiki yangu anayejua kutafsiri lugha ya alama, mlinzi akamzuia getini, anasema jina lake halipo kwenye orodha. Nikaingia peke yangu. Wapo watatu, wa katikati ameshika peni mdomoni muda wote, wa kushoto anauliza huku anasoma karatasi ameinamisha kichwa. Nikawaambia naomba mnitazame mkiongea, mimi ni kiziwi. Yule wa katikati akafunga faili, hilo nililisoma vizuri kabisa kwenye midomo yake: "Mbona hukusema mapema? Umetupotezea muda."

Sasa kuna nafasi ya mhasibu msaidizi, kampuni ya usambazaji, mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Niandike au nisiandike?

Kihesa_Iringa

Pole sana mdogo wangu. Hapo kwa huyo mlinzi nimeumia kweli.

Mimi nina ulemavu wa mguu, polio tangu mtoto, natembelea magongo. Niliwahi kuficha. Nikafika kwenye usaili nikakuta ofisi ipo ghorofa ya tatu na lifti haifanyi kazi. Nilipanda zile ngazi, nikaingia jasho linanitiririka mpaka kwenye macho, shati limelowa, na swali la kwanza likawa "unaumwa?". Ningesema mapema wangenishushia meza chini, ni kitu cha dakika mbili. Mimi nasema andika.

HR_miaka11

Binti nimesoma yote, nimekaa idara ya rasilimali watu miaka 11 kwenye kampuni tofauti kwahiyo nitakwambia ukweli wa ndani hata kama haupendezi.

CV zikija 300 kwa nafasi moja, mtu wa kwanza kuzichuja mara nyingi ni kijana wa ofisini ameambiwa abakize 20, na anatafuta sababu ya kuweka pembeni, yoyote ile. Akiona "kiziwi" mstari wa kwanza anajiuliza ataongeaje na wateja, nani atamtafsiria, bosi atasemaje, na kwa vile hana wa kumuuliza anaweka pembeni. Huenda hata chuki hana, ni kwamba hajui na hajawahi kufanya kazi na kiziwi. Ni makosa, lakini ndivyo inavyotokea na zile barua zako 14 ndiko zilikoishia.

Kwahiyo usiuweke ulemavu kwenye CV. CV ni ya kazi. Weka ulichoweka hapa: EFD, ritani, stoo, na programu unayotumia kutunzia vitabu. Hiyo sentensi ya "kila mwezi kabla ya tarehe 20" iandike hivyohivyo, mwajiri wa duka au usambazaji akiiona anasimama, maana faini za kuchelewesha ritani anazijua.

Ila usifiche mpaka mlangoni. Ukishaitwa tu, siku hiyohiyo, waandikie barua pepe. Kwa wakati huo jina lako lipo kwenye orodha fupi, mtu ameshaona uwezo wako, kukutoa inabidi atoe maelezo. Na kwenye hiyo barua usiandike habari ya ugonjwa, andika mahitaji. Watu wengi wenye ulemavu wanaeleza historia ya hospitali ukurasa mzima halafu hawasemi wanataka nini. Panel inataka kujua ifanye nini basi: wakae wapi, nani anakuja na wewe, maswali yaje kwa maandishi au vipi.

Kuhusu simu, usiandike "tuma meseji" peke yake, inasomeka kama huna salio. Andika "Mawasiliano: WhatsApp na barua pepe" na namba ya kawaida usiiweke kabisa. Mtu akikosa pa kupiga atatuma.

Kingine. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, kifungu cha 31, inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Kampuni ya watu 100 ni watu watatu. Nimefanya kazi sehemu tatu, hata moja haikuwa imefika hapo na kwenye vikao vya bajeti sikumbuki tukilijadili. Kwenye barua usiwatishie nalo, ila wewe mwenyewe lijue, ili ukikaa pale ujue hujaja kuomba sadaka.

chakula_cha_mchana

Mimi niko tofauti na nyie wote. Ajira zenyewe hata wanaosikia hawapati, watu wana digrii mbili wanaendesha bodaboda. Dada una fani ya hesabu, kwanini usiende halmashauri kuchukua ile mikopo, ile ya 4-4-2, asilimia 10 ya mapato ya ndani, wanawake nne vijana nne wenye ulemavu mbili, haina riba. Ilisimamishwa 2023 lakini 2024 ikarudi. Wewe unaingia kama mwanamke, kijana na mwenye ulemavu, unachagua dirisha. Fungua ofisi yako ya kutunzia watu vitabu, hamna wa kukufungia faili.

binti_wa_mbezi

@chakula_cha_mchana nashukuru kaka, najua unanitakia mema na ile mikopo nimeshawasaidia wenzangu wawili kuandika andiko lao, mmoja anafuga kuku sasa. Lakini naomba nikwambie kitu. Tangu nimemaliza chuo kila mtu ninayemwambia natafuta kazi ananiambia fungua biashara. Mwenzangu anayesikia, tuliyesoma naye darasa moja, akisema anatafuta kazi anaambiwa peleka CV mahali fulani. Sisi inakuwa kama kuajiriwa ni kwa ajili ya watu wengine. Mimi napenda kufunga vitabu vya mwezi, napenda ile siku ambayo benki na leja vinakubaliana mpaka shilingi ya mwisho. Nataka kufanya hivyo kwenye ofisi yenye watu, nikipanda cheo nipande, nikikosea niambiwe.

@HR_miaka11 asante sana, hiyo ya simu sikuwahi kuifikiria. Lakini nina woga, nikiandika barua baada ya kuitwa si wanaweza tu kusema nafasi imejaa?

HR_miaka11

Wanaweza. Sitakudanganya. Ila sasa utakuwa na maandishi, tarehe moja wamekuita, tarehe ya pili umesema, tarehe ya tatu wamefuta. Asubiriwe mwanasheria humu aeleze.

kisauni_001

Salaam dada yangu, mimi niko Mombasa, nina uoni hafifu, nafanya kazi kwa kaunti. Nikueleze ya huku kwetu labda itakusaidia kuona.

Huku kwanza unasajiliwa na NCPWD, baraza la taifa la watu wenye ulemavu, unapimwa hospitali, unapata kadi. Ukiwa na ile kadi unaweza kuomba msamaha wa kodi, mshahara wako shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi kodi ya mapato. Na Katiba yetu ya 2010 Ibara ya 54 inataka asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa ziende kwa walemavu hatua kwa hatua. Haijafika, kila mtu ajua haijafika, lakini fomu za kazi za serikali zauliza wazi, wewe ni mtu mwenye ulemavu, namba ya kadi ni gani. Kwa hivyo kazi ya serikali mimi nilisema toka mwanzo na ilinisaidia.

Kazi ya kampuni binafsi niliyokuwa nayo kabla, nilinyamaza. Miezi minne nilikuwa naikaribia kompyuta mpaka pua yagusa kioo, nakuza maandishi wakipita watu nayapunguza, jioni kichwa chaniuma mpaka natapika. Nilipomwambia meneja akaniuliza wataka nini, nikamwambia kioo kikubwa na taa isiwe nyuma yangu. Alinunua wiki ile ile. Miezi minne yote nimeteseka kwa kitu kama hicho.

Nauliza tu, kwenu hakuna kazi za serikali zaulizia hivyo?

binti_wa_mbezi

@kisauni_001 zipo. Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, matangazo yao yanahamasisha watu wenye ulemavu kuomba na yanakutaka uainishe kwenye mfumo ulemavu ulio nao. Huko nimejaza ukweli. Nimeitwa mara moja usaili wa kuandika, nikakosa kwa maksi, hilo nalikubali, nilipewa nafasi kama wengine. Pole kwa hayo macho kaka, nimeisoma hiyo ya pua kugusa kioo mara mbili.

wakili_msaidizi_Moro

Nimeitwa, nipo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi na ulemavu umetajwa humo. Wengi hawajui kwamba kwenye kifungu hicho neno mwajiriwa linamhusu hata mtu anayeomba kazi. Huhitaji kuwa na mkataba. Na ukishaonyesha dalili za kutosha kwamba umebaguliwa, mwajiri ndiye anatakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Kwahiyo ule mtiririko wa tarehe anaousema HR_miaka11 una uzito wake, hizo ndo dalili zenyewe.

Kuna mwanya lakini, lazima niuseme. Mwajiri anaweza kujitetea kwamba sifa fulani ni ya lazima kwa kazi yenyewe. Kazi ya kupokea simu siku nzima, hapo ana hoja. Mhasibu msaidizi, hapana, kupokea simu hakuwezi kuwa kiini cha uhasibu. Kwahiyo soma tangazo la kazi vizuri, wakiwa wameandika majukumu bila simu, lihifadhi, piga picha ya skrini maana matangazo huwa yanaondolewa.

Malalamiko yanapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, unajaza fomu CMA F1. Muda ni siku 60 tangu jambo litokee, zile siku 30 watu wanazozitaja ni za walioachishwa kazi. Ule usaili wa faili kufungwa ulikuwa lini?

binti_wa_mbezi

Mwezi wa tatu. Zimepita.

wakili_msaidizi_Moro

Pole. Unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini inabidi uwe na sababu nzito ya kuchelewa, na ushahidi wa maneno ya mdomo ni mgumu. Mimi ningetumia nguvu kwenye hii ya Ijumaa. Safari hii kila kitu kiwe kwa maandishi, kwako wewe hiyo ni faida kwa sababu ndo mawasiliano yako ya kawaida.

mama_G

Samahani naingilia, nina kijana wangu ana miaka 9, kiziwi wa kuzaliwa. Nimesoma hiyo ya karatasi ya kaboni nimelia. Anasoma shule ya kawaida ya mtaa, mwalimu ana watoto zaidi ya 90, ananiambia mtoto ni mtulivu sana. Najua maana ya huo utulivu. Baba yake hataki apelekwe shule ya viziwi anasema atakuwa mbali na watu. Binti, wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?

binti_wa_mbezi

Mama G shikamoo. Mimi nilipata uziwi nikiwa tayari nimejua kusoma na kuandika na Kiswahili kipo kichwani, ndo kilichoniokoa. Mtoto aliyezaliwa kiziwi akikaa darasani bila lugha ya alama, mama, anakaa bila lugha yoyote. Hiyo miaka haisubiri. Nina rafiki alipelekwa shule ya viziwi ana miaka 12, ananiambia mpaka siku ile alikuwa hajui kwamba ana jina. Alikuwa anajua wakimgusa bega ndo wanamwita yeye.

Kama mpo Dar, Buguruni Viziwi ni ya msingi, nendeni tu wewe na baba yake mkaone watoto wanavyopiga soga uwanjani kwa mikono, mwacheni mtoto acheze nao nusu saa halafu baba aangalie uso wake. Tabora nako ipo. Sekondari ipo Njombe Viziwi, na akija kupenda ufundi kuna Chuo cha Yombo cha watu wenye ulemavu. Na nyie nyumbani mjifunze alama, nyote, mpaka bibi. Mama yangu alijifunza kidogokidogo, anakosea sana, lakini sa hivi tunaweza kugombana vizuri kabisa jikoni mikono ina unga.

mama_G

Marahaba mwanangu. Jumamosi nampeleka, baba yake nitamchukua kwa nguvu.

Kihesa_Iringa

Mimi nilisema andika kwenye CV, nimesoma hoja za HR nabadilisha. Baada ya kuitwa. Lakini kabla ya kufika, hapo sisogei.

binti_wa_mbezi

Wakuu nimerudi. CV nilituma Alhamisi, bila kutaja, WhatsApp na barua pepe tu. Leo saa nne asubuhi wametuma ujumbe WhatsApp, usaili Jumatano. Mikono inatetemeka. Nimeandika hivi, naombeni mniangalizie kabla sijatuma:

"Samahani kwa usumbufu. Asante kwa kunialika kwenye usaili wa Jumatano, nitafika. Napenda kuwajulisha kuwa mimi ni kiziwi. Naongea vizuri na nasoma midomo. Ili usaili uende vizuri naomba mambo matatu: wanaouliza wakae upande wenye mwanga na wanitazame wakiongea, mmoja mmoja. Maswali ya hesabu yawe kwenye karatasi. Nitakuja na mkalimani wa lugha ya alama. Pia nina programu ya simu inayoandika maneno yanayosemwa kwa Kiswahili, naweza kuiweka mezani kama mtaruhusu. Kazini natumia barua pepe na meseji, na nimefanya kazi hivyo na wateja na wasambazaji wa duka kwa miaka minne. Samahani tena na natanguliza shukrani."

kisauni_001

Nzuri sana dada. Hiyo programu yaandika sawasawa?

binti_wa_mbezi

Inaandika vizuri mtu mmoja akiongea pole pole. Wakiongea wawili kwa pamoja inachanganya, na majina ya watu inayaharibu. Ndo maana nataka mkalimani pia.

HR_miaka11

Iko vizuri, kuliko barua nyingi nilizopokea kwa watu wa digrii. Nimebadilisha vitatu tu.

Toa "samahani" zote mbili. Anza na asante.

Sentensi ya miaka minne ipandishe juu, ije mara tu baada ya kusema wewe ni kiziwi, ili wakisoma neno hilo wakutane na kazi hapohapo.

Na jina la mkalimani liandike kamili, waombe walipeleke getini.